Wauguzi Wahamiaji na Soko la Ajira la Uuguzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanahusu zaidi Marekani na Uingereza, kwa kuwa ndizo nchi ambazo athari za wauguzi wahamiaji zimechunguzwa kwa kina, na pia ndizo zinazotajwa kila mara wauguzi wetu wanapozungumzia kuondoka. Kenya, Tanzania na nchi za Ghuba zitaguswa pale zinapohusika.

Tunaposema "muuguzi mhamiaji", tunamaanisha nani hasa?

Takwimu huchanganya watu wa aina mbili, na mkanganyiko huo ndio chanzo cha nusu ya mabishano. Kuna muuguzi aliyezaliwa nje, na kuna muuguzi aliyesomea nje. Mtoto aliyeondoka Mombasa akiwa na umri wa miaka sita, akasoma shule hadi chuo cha uuguzi huko Minnesota, huhesabiwa kuwa mzaliwa wa nje, lakini kwa upande wa ajira hana tofauti yoyote na wenyeji aliosoma nao darasa moja. Anayebadilisha soko kwa muda mfupi ni yule aliyefika akiwa na cheti mkononi, kwa sababu gharama ya kumsomesha imekwisha kulipwa na nchi nyingine, na hospitali inampata akiwa tayari kuingia wodini mara tu anapokamilisha mitihani ya leseni.

Nchini Marekani, takriban muuguzi mmoja kati ya sita alizaliwa nje ya nchi. Waliosomea nje ni wachache kuliko hao. Kwa dunia nzima, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba mwaka 2023 kulikuwa na wauguzi milioni 29.8, kwamba mmoja kati ya saba anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa, na kwamba katika nchi tajiri kiwango hicho hufikia asilimia 23.

Je, wauguzi wahamiaji hushusha mishahara ya wauguzi wenyeji?

Hushusha, lakini kwa kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kupima jambo hili ni kazi ngumu, kwa sababu mhamiaji haendi popote tu: huenda kwenye miji yenye mishahara mizuri na hospitali zinazopanuka. Mtu akilinganisha miji hivihivi, ataona kwamba penye wauguzi wengi wa kigeni mishahara iko juu, kisha atadhani wageni ndio walioipandisha. Ili kukwepa mtego huo, watafiti hutumia mambo yasiyotokana na hali ya mishahara ya mji husika, kama vile mabadiliko ya sheria za viza, au tabia ya Wafilipino wapya, ambao ni wengi kati ya wauguzi wa kigeni wa Marekani, kwenda kuishi kule walikokwisha kukaa Wafilipino wenzao.

Utafiti wa Robert Kaestner na Neeraj Kaushal, uliochapishwa mwaka 2012, uligundua kwamba ongezeko la asilimia 10 la wauguzi nchini Marekani huambatana na kupungua kwa mapato yao ya mwaka kwa asilimia 1 hadi 4. Tuuweke uwiano huo kwenye fedha. Mwezi Mei 2023, mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa nchini humo ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka, kwa hiyo asilimia 1 hadi 4 ni kama dola 860 hadi 3,440. Hicho si kiasi cha kudharauliwa na mtu mwenye mkopo wa nyumba. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba wauguzi waliosajiliwa walio kazini Marekani ni zaidi ya milioni tatu. Ongezeko la asilimia 10 lingehitaji wauguzi wapya zaidi ya laki tatu, idadi ambayo uhamiaji haujawahi kuileta kwa mwaka mmoja wala kuikaribia.

Mbona basi mishahara haianguki kama bei ya samaki siku ya mavuno makubwa?

Kwa sababu mshahara wa muuguzi haupangwi kwa mnada kama samaki wa soko la Feri. Pale Feri wachuuzi ni wengi na wanunuzi ni wengi, na bei hubadilika kabla jua halijawa kali. Katika mji wa kawaida wa Marekani kuna hospitali mbili au tatu, mara nyingine moja tu, na muuguzi mwenye watoto shuleni na mwenzi mwenye kazi hapo mjini hawezi kuhama kwa sababu ya nyongeza ya dola mbili kwa saa. Mwajiri analijua hilo. Utafiti uliofanywa kwenye hospitali za maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, wa Marekani, ambako sheria ilibadilisha utaratibu wa kupanga mishahara mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba mshahara wa hospitali moja ukipanda au kushuka, idadi ya wauguzi wake hubadilika kidogo sana katika muda mfupi. Hiyo ndiyo ishara ya mwajiri mwenye nguvu ya kupanga bei.

Mwajiri wa namna hiyo akitaka kuvutia wauguzi kumi wapya kwa mshahara wa juu, hulazimika kuwapandishia pia mia mbili waliopo, la sivyo watanung'unika au wataondoka. Akipiga hesabu, huona heri kuacha nafasi kumi wazi, kuwaongezea zamu waliopo, na kutangaza kwamba kuna uhaba. Hapo ndipo muuguzi wa kigeni anapoingia. Anaijaza nafasi kwa mshahara uleule, na nyongeza ambayo mwajiri angelazimika kuitoa mwaka huo au mwaka uliofuata haitolewi tena. Hakuna hati ya mshahara inayoonyesha hasara ya namna hiyo, kwa sababu hakuna kilichokatwa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya mjadala inayosahauliwa zaidi: athari kubwa ya uhamiaji katika uuguzi iko kwenye nyongeza ambazo hazikuja.

Uingereza hali hii iko wazi zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 2004 mishahara ya wauguzi wa huduma ya taifa ya afya, yaani NHS, hupangwa kwa madaraja ya kitaifa. Muuguzi aliyetoka Kerala nchini India, aliyetoka Eldoret na aliyezaliwa Leeds wakianza daraja moja hupata mshahara mmoja. Kwa hiyo mhamiaji hawezi kumshusha mwenyeji kwa kukubali malipo duni. Anachoathiri ni haraka ya serikali kukaa mezani na kupandisha daraja zima. Mwezi Desemba 2022, chama cha wauguzi cha Royal College of Nursing kiliongoza mgomo wa kwanza nchini Uingereza kwa ukubwa huo katika historia yake ya zaidi ya miaka mia moja, na kati ya waliosimama kwenye baridi wakiwa na mabango walikuwamo wauguzi wa kigeni.

Je, wanachukua kazi za wenyeji?

Swali hili linastahili jibu refu kuliko yote, kwa sababu ushahidi wake ni mzito na mara nyingi husomwa vibaya.

Patricia Cortés na Jessica Pan walichunguza miji ya Marekani kwa vipindi vya miaka kumi na kugundua kwamba kwa kila muuguzi wa kigeni aliyehamia mjini, idadi ya wauguzi wenyeji walioajiriwa katika mji huo ilipungua kwa mmoja hadi wawili. Namba hiyo inashtua, kwani maana yake ni kwamba katika muda mrefu mji unaweza kuagiza wauguzi na bado usipate nyongeza yoyote ya wauguzi. Lakini matokeo hayo hayasemi kwamba mwenyeji alifukuzwa kazi ili mgeni apewe. Sehemu kubwa ya upungufu hutokea kabla mtu hajavaa sare: vijana wa majimbo yanayotegemea sana wageni walipungua kwenye chumba cha mtihani wa leseni. Msichana wa miaka kumi na minane aliyekuwa anachagua kati ya uuguzi na ualimu, au uuguzi na tiba ya viungo, alichagua kingine. Pia, wauguzi wa California walioulizwa kuhusu mazingira ya kazi walionyesha kwamba kuridhika kwao kulipungua pale wageni walipoongezeka, jambo ambalo watafiti hao walilitaja kuwa sehemu ya maelezo.

Wapo watakaosoma hapo chuki dhidi ya wageni, na haiwezekani kuikana kabisa. Mimi naona maelezo ya kawaida zaidi. Hospitali inayojua kwamba wauguzi wengine wako njiani haina sababu ya kurekebisha ratiba za zamu, kupunguza idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi, wala kumbembeleza mkongwe anayefikiria kustaafu mapema. Kazi inabaki ngumu vilevile, na mwenye njia nyingine ya kuishi anaifuata.

Jambo la pili ni kwamba vijana wengi wa Marekani wanaotaka uuguzi hawaupati. Mwaka 2021, vyuo vya uuguzi vya shahada ya kwanza na za juu nchini humo vilikataa maombi 91,938 ya watu waliokuwa na sifa, kwa sababu ya upungufu wa wahadhiri, wa nafasi za mafunzo kwa vitendo na wa fedha. Muuguzi mwenye shahada ya uzamili hupata fedha nyingi zaidi kliniki kuliko darasani, basi nani atafundisha? Kuleta wauguzi kutoka Manila ni rahisi na haraka kuliko kulipa wahadhiri wa Ohio. Kwa hiyo mwenyeji anayelalamika kwamba nafasi imekwenda kwa mgeni ana hoja, ila mlango uliofungwa mbele yake ulifungwa na wapanga bajeti muda mrefu kabla mgeni huyo hajapanda ndege.

Je, ubora wa huduma hushuka?

Soko lenyewe limetoa jibu. Wauguzi waliosomea Ufilipino walikuwa wakilipwa nchini Marekani zaidi ya wenyeji wanaolingana nao, kwa takriban asilimia 8 mwaka 2000 na asilimia 4 mwaka 2010. Mwajiri halipi ziada kwa kazi mbovu.

Kwa nini Wafilipino ni wengi kiasi hicho?

Ni matokeo ya sheria. Programu ya kubadilishana wageni ya mwaka 1948 iliwapeleka wauguzi wa Kifilipino kwenye hospitali za Marekani kama wanafunzi wa vitendo, kisha sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ikafuta mgawo uliowapendelea Wazungu. Mwaka 1989, Bunge la Marekani lilianzisha viza ya muda ya H-1A kwa ajili ya wauguzi peke yao, ikadumu hadi mwaka 1995. Siku hizi wengi hupitia njia ya ukaazi wa kudumu, ambamo wizara ya kazi imekwisha kukubali kwamba uuguzi ni taaluma yenye upungufu, hivyo mwajiri hahitaji kuthibitisha upya kwamba alikosa Mmarekani. Kibali hicho cha jumla ni kitu kizito kuliko kinavyoonekana, kwa maana kinauchukulia uhaba kuwa jambo la kudumu, bila kuuliza ni uhaba kwa mshahara gani.

Uingereza imefikaje mahali pa kutegemea wageni kwa kiwango hiki?

Mwaka 2017, Uingereza iliondoa ruzuku ya masomo kwa wanafunzi wa uuguzi, wakaanza kulipa ada kwa mkopo kama wanafunzi wengine, na maombi ya kusomea uuguzi yakaporomoka. Msaada wa pauni 5,000 kwa mwaka ulirudishwa mwaka 2020, baada ya serikali kuahidi kuongeza wauguzi 50,000. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa sehemu kubwa kwa kuajiri kutoka India, Ufilipino na Afrika. Katika mwaka ulioishia Machi 2024, karibu nusu ya waliojiunga na daftari la wauguzi na wakunga walikuwa wamesomea nje.

Kisha mambo yakageuka. Katika mwaka uliofuata, idadi ya wageni waliojiunga ilishuka kwa takriban asilimia 30, kwa sababu bajeti za hospitali zilibanwa na masharti ya viza yakakazwa. Mtu angetegemea kwamba wahitimu wenyeji wangegombaniwa. Badala yake, wengi wao walihitimu mwaka 2025 bila kupata nafasi, hata serikali ikalazimika mwezi Agosti kutangaza mpango wa kuwahakikishia ajira. Wagonjwa hawakupungua; fedha za kulipia nafasi ndizo zilizopungua.

Hali hiyo inafanana na yetu?

Inafanana mno. Kenya ina wauguzi waliosajiliwa wasio na kazi, na wakati huohuo ina zahanati ambamo muuguzi mmoja huhudumia foleni isiyokwisha. Tanzania ina wahitimu wa kada za afya wanaosubiri tangazo la ajira za serikali mwaka hadi mwaka. Mgomo wa wauguzi wa Kenya wa mwaka 2017 ulianza Juni na kumalizika Novemba, na suala kuu lilikuwa makubaliano ya malipo kati ya chama chao na kaunti.

Katika mazingira hayo, serikali huona uhamiaji kuwa nafuu. Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi. Miezi michache baadaye aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Wengi walicheka, ingawa wapimwaji walikuwa wamesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi na mtihani wenyewe unahitaji maandalizi yake. Septemba 2024 Kenya ilisaini makubaliano mengine ya ajira na Ujerumani, ambako kizuizi cha lugha ni kikubwa zaidi.

Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kwa kufuata orodha hiyo, waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kwenda kuwatafuta wauguzi huko. Muuguzi mmojammoja anaweza kuomba kazi mwenyewe, na hakuna anayemzuia.

Uhamiaji hupunguza wauguzi katika nchi wanakotoka?

Ufilipino ilionyesha kinyume. Marekani ilipoongeza viza za wauguzi miaka ya 2000, vyuo vya uuguzi vilichipuka kama uyoga, kiwango cha kufaulu mtihani wa leseni kikashuka, na bado, kwa mujibu wa utafiti wa Paolo Abarcar na Caroline Theoharides, kwa kila muuguzi aliyeondoka walipatikana wapya tisa wenye leseni. Wengi wao hawakupata kazi ya uuguzi na wakaishia kwenye vituo vya kupokea simu.

Mimi sina matumaini makubwa kwamba Afrika Mashariki itapata faida ya namna hiyo kirahisi, kwa sababu anayeondoka kwanza huwa mwenye uzoefu: wa chumba cha wagonjwa mahututi, wa upasuaji, wa kusafisha damu. Huyo ndiye aliyekuwa akimwonyesha mgeni wa wodi namna ya kusoma hali ya mgonjwa kabla mashine haijalia. Wahitimu wapya tisa hawamfidii mwalimu huyo mmoja, angalau kwa miaka kadhaa.

Mkataba wa muuguzi mhamiaji unahusianaje na soko zima?

Unahusiana sana. Mfanyakazi asiyeweza kuondoka hana cha kujadiliana, na akiwa na wenzake wengi wa hali hiyo katika hospitali moja, mwajiri hana haja ya kumsikiliza hata mwenyeji. Mikataba mingi ya mawakala humfunga muuguzi kwa miaka miwili au mitatu na kumtoza fidia akiondoka mapema. Septemba 2019, mahakama ya shirikisho ya New York iliamua kwamba kifungu kilichowataka wauguzi wa Kifilipino kulipa dola 25,000 wakiacha kazi kilikuwa kinyume cha sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu.

Nchi za Ghuba zina historia ya mfumo wa udhamini, ambao ulimfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Oman ililegeza sharti hilo Januari 2021, na mfanyakazi aliyemaliza mkataba anaweza sasa kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya yule wa kwanza. Oman pia imekuwa ikiwasomesha wauguzi wake na kuwaweka mahali pa wageni hatua kwa hatua, jambo linalopaswa kujulikana na anayepanga kukaa huko maisha.

Vyama vya wauguzi huwapinga wahamiaji?

Kwa ujumla hupinga sera kuliko watu, na si rahisi kuvilaumu, kwani wengi wa wanachama wao ni wahamiaji. Wanaoshawishi viza ziongezwe nchini Marekani ni wawakilishi wa hospitali. Vyama hupendelea sheria za kuweka kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi, kama ya California iliyoanza kutumika mwaka 2004, ambayo inataka muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili katika chumba cha mahututi. Sheria kama hiyo hulazimisha nafasi zilipiwe, na hapo mwenyeji na mgeni huacha kugombania kiti kimoja.

Ninajiandaa kuondoka. Niangalie nini katika soko hilo?

Angalia majira. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008, wauguzi wa Marekani waliokuwa wamestaafu au wanafanya kazi nusu siku walirudi wodini kwa kuwa wenzi wao walipoteza ajira, na mahitaji ya wageni yakakauka huku maelfu wakiwa wamekwisha kulipia mitihani. Foleni ya viza za ukaazi nayo husimama kwa miaka, kwa hiyo ofa iliyosainiwa leo inaweza kutimia hali ikiwa tofauti kabisa.

Kabla ya kusaini, mwandikie mwajiri umuulize mambo matatu, na utake majibu kwa maandishi: muuguzi mwenyeji mwenye miaka ya uzoefu kama yako anapata kiasi gani kwa saa katika wodi hiyohiyo, muuguzi mmoja huhudumia wagonjwa wangapi katika zamu ya usiku, na ukiondoka baada ya miezi kumi na miwili utadaiwa shilingi ngapi, kwa gharama zipi, na risiti zake ziko wapi.